"Dhambi" na "Zambi": Sauti Moja Vinywani Tofauti

Tumeulizwa mara nyingi kwa nini baadhi ya wasomaji wa Neno, hasa waliokulia bara au Kongo, hutamka "zambi" palipoandikwa "dhambi". Wapo wanaoguna wakiwa mabenchini, na wapo wasomaji waliokwisha kuacha kusoma kwa aibu. Ndiyo maana twaona vema kulieleza jambo hili.

Sauti dh, th na gh ziliingia katika Kiswahili hasa pamoja na maneno ya Kiarabu. Mtoto wa Mlandege huzisikia tangu utotoni, dukani na njiani, na ulimi wake huzizoea pasipo kufundishwa. Lugha nyingi za Kibantu, Kilingala na Kikongo zikiwamo, hazina sauti hizo. Aliyekulia humo huchukua iliyo jirani: dh huwa z, th huwa s, gh huwa g. Tatizo huja maneno yanapogongana, kama "thamani" inapogeuka "samani" na msikilizaji akawaza viti na makabati. Tena, kwa Kikongo Nzambi ni Mungu. Tafakarini jinsi "zambi" yetu inavyoweza kumshtua Mkongo!

Wenzetu nao wana utajiri tusio nao. Katika Kilingala, moto ikitamkwa kwa sauti ya chini mwanzo hadi mwisho ni mtu. Silabi ya mwisho ikipanda, ni kichwa. Kiswahili sanifu hakina toni za namna hiyo, kimebaki na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mzanzibari akisoma Misani Kinshasa, yeye ndiye atakayeguniwa.

Hata miongoni mwetu zimo sauti ambazo maandishi hayazionyeshi. Kaa wa baharini hutamkwa kwa pumzi, kaa la moto bila pumzi. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, mmisionari wa pwani hii, alizisikiliza tofauti za namna hiyo kwa makini. Sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilitoka mwaka 1909, na kamusi yake ikafuata mwaka 1939.

Kwa msomaji anayetaka kujirekebisha: ncha ya ulimi iguse meno ya juu, ichungulie kidogo nje, kisha utamke kama unayesema z. Anza na "dhahabu" na "dhiki", ndipo uje kwenye "dhambi". Ukiondoa mvumo wa koo, utapata th ya "thawabu". Mwenye kumsahihisha mwenzake na amfuate sakristia kabla ya Misa, wakiwa wawili tu.