Gouyave: mji wa jodari na kungumanga

Hoteli za Grenada zimejazana kusini mwa kisiwa, kwenye ufuo wa Grand Anse, kwa sababu huko ndiko kwenye mchanga mweupe na uwanja wa ndege uko jirani. Wageni wengi hawabanduki hapo mpaka siku ya kurudi kwao. Gouyave uko pwani ya magharibi, yapata kilomita 20 kaskazini ya St George's, mji mkuu, na hauna mchanga wa aina hiyo wala hoteli za kutajika. Mchanga wake ni wa volkano, umekoza rangi, na mahali ambapo kwingine pangewekwa viti vya watalii hapa pamepandishwa mashua. Ni mji wa watu walio kazini. Hata hivyo, au kwa sababu hiyo hasa, ningemshauri msomaji aliyekulia Pemba, Tanga au Lamu aanzie hapa. Karibu kila kinachoshikwa mkononi pale anakijua kwa jina. Kinachomshangaza ni namna wenzetu wanavyokitumia.

Nchi yenyewe ni ndogo. Ukijumlisha Grenada na visiwa vyake vya Carriacou na Petite Martinique, unapata kilomita za mraba 344; Pemba peke yake inaizidi karibu mara tatu. Watu ni laki moja na ushee, wengi wao wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani kulima miwa, na wapo pia wenye asili ya India, ambao mababu zao walifikishwa kwa meli kuanzia mwaka 1857 utumwa ulipokwisha kukomeshwa. Lugha ya serikali ni Kiingereza. Barabarani utasikia Kikrioli chao, na wazee wachache bado wanacho kile cha asili ya Kifaransa. Fedha ni dola ya Karibi Mashariki, ambayo tangu 1976 imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa 2.70, kwa hiyo hesabu za mgeni haziyumbi.

Kutoka kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja. Njia za kawaida hupitia London au New York, na ukifika saa yako itakuwa mbele kwa saa saba. Uwanja unaoshukia unaitwa Maurice Bishop, na jina hilo lina kisa ambacho watu wa makamo Afrika Mashariki huenda wakakikumbuka kutoka redioni. Bishop alichukua madaraka kwa mapinduzi ya Machi 13, 1979, akaanzisha kampeni za kufuta ujinga wa kusoma na kuandika, akawaita Wakuba wamsaidie kujenga uwanja mkubwa wa ndege. Rais wa Marekani, Ronald Reagan, alidai uwanja huo ni wa kijeshi. Oktoba 19, 1983, Bishop na baadhi ya mawaziri wake waliuawa kwa risasi na wenzao wa chama katika ngome ya St George's, na miili yao haijapatikana mpaka leo. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakavamia. Uwanja ulimalizwa na kufunguliwa 1984, ukapewa jina la Bishop mwaka 2009. Leo Grenada inapumzika kazi Oktoba 19 kuwaenzi mashujaa wake, kisha inapumzika tena Oktoba 25 kutoa shukrani kwa siku ile ya uvamizi. Ukitaka kujua watu wa kisiwa wanaionaje historia yao, soma hizo sikukuu mbili, na usimwulize dereva wa teksi akupe jibu moja.

Kwenda Gouyave unapanda basi dogo namba 5 pale St George's. Aliyezoea daladala au matatu hatahitaji kufundishwa: kuna konda, kuna muziki wa soca unaotikisa viti, na abiria hubanwa mpaka nafasi iishe, kisha huongezwa mmoja. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Ukitaka kushuka unagonga ubavu wa gari kwa ngumi. Jambo moja tu ndilo linaloweza kumponza mgeni: anayeingia bila kusalimu huonekana hana adabu. Mtu akipanda husema habari za asubuhi au za mchana kwa gari zima, na gari zima humwitikia. Mzungu aliyekaa hotelini wiki nzima anaweza asilijue hilo. Mtu wa pwani yetu analifanya bila kufikiri.

Barabara inajipinda kati ya mlima na bahari muda wote. Unapita ghuba ya Molinere, ambako msanii Jason deCaires Taylor alianza mwaka 2006 kuzamisha sanamu chini ya maji. Maarufu zaidi ni mduara wa watoto walioshikana mikono, sasa wameota matumbawe. Kabla tu ya Gouyave kuna njia ya kupanda kwenye maporomoko ya Concord. Kisha mji unakuja ghafla: mtaa mmoja mkuu mwembamba, nyumba za mbao na za matofali zenye paa za bati, makanisa, maduka ya rejareja, na vichochoro vifupi vinavyoishia baharini.

Waingereza walipokuwa wakitawala waliubandika mji huu jina la Charlotte Town. Wenyeji hawakulijali, na jina la enzi za Wafaransa ndilo lililobaki. Mwaka 1795 mji huu na wa Grenville, ulio pwani ya pili, ndiyo iliyovamiwa kwanza wakati wa uasi wa Julien Fédon, chotara huru aliyekuwa na shamba la Belvedere katika milima iliyo nyuma ya Gouyave. Gavana Mwingereza, Ninian Home, alisikia habari akiwa shambani kwake, akapanda jahazi arudi St George's kwa njia ya bahari. Aliposhuka Gouyave, waasi walikuwa wameshafika. Walimkamata, wakampandisha kambini mlimani, na mwezi Aprili wakamuua pamoja na mateka wengine zaidi ya 40. Kwa miezi mingi waasi waliishika karibu Grenada yote isipokuwa St George's. Uasi ulizimwa 1796, lakini Fédon mwenyewe hakukamatwa, na hakuna anayejua aliishia wapi. Kilele alichopigia kambi bado kinaitwa kwa jina lake.

Kinachowaleta wageni wachache wa mchana ni kituo cha kungumanga. Ni jengo kubwa la ghorofa, la zamani, limesimama mtaa mkuu, na harufu yake hukupokea kabla hujaingia mlangoni. Kungumanga na karafuu asili yake ni moja, visiwa vya Maluku huko Indonesia. Karafuu ilikuja kushika Unguja na Pemba. Kungumanga ilifika Grenada mwaka 1843 na kuenea kiasi kwamba nchi hii ilikuwa ya pili duniani baada ya Indonesia yenyewe. Ukiitazama bendera yao, utaliona tunda lake limechorwa upande wa mlingoti.

Tunda hilo lina rangi ya njano iliyopauka na ukubwa wa pera. Halichumwi, likiiva hupasuka lenyewe na kuanguka, mkulima akaliokota. Ndani kuna kokwa ya hudhurungi inayong'aa, imeshikwa na wavu mwekundu mkali kama damu. Wavu huo ndio basibasi. Hutenganishwa kwa mkono, hukaushwa, na kwa miezi kadhaa wekundu wake hupungua mpaka ukawa wa rangi ya machungwa iliyofifia. Nyama ya tunda haitupwi, wanaipikia jamu na sharubati. Kokwa hutandazwa kituoni kwenye trei za mbao kwa wiki nyingi hadi kiini kisinyae. Ukiitikisa sikioni utasikia kinagonga ganda. Hapo hupelekwa kwenye mashine ya kubangua. Baada ya mashine kazi yote ni mikono. Akina mama huketi wakichambua viini na maganda, kisha viini humwagwa majini. Vinavyozama ndivyo vizito, vyenye mafuta, na hivyo ndivyo daraja la kwanza la kusafirisha. Vinavyoelea huwekwa kando kwa bei ya chini. Magunia hupigwa chapa ya nchi yanakokwenda. Hata maganda yana kazi: humwagwa kwenye njia za bustani, na ukitembea juu yake yanalia chini ya viatu.

Wakulima wa Pemba, ambao karafuu yao huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, watapendezwa na utaratibu wa hapa. Mnunuzi ni chama cha ushirika cha wakulima wenyewe, kilichoundwa 1947, na kwa miongo mingi ndicho peke yake kilichoruhusiwa kusafirisha. Mkulima hulipwa malipo ya kwanza anapoleta mzigo, kisha nyongeza chama kinapokwisha kuuza. Kama mpango huo umemfaa mkulima ni mjadala usiokwisha, kama ulivyo wetu wa karafuu, na sitaki kuuingilia.

Pigo lilikuja Septemba 7, 2004. Grenada iko kusini kiasi kwamba vimbunga vingi huipita juu, na tangu kile cha Janet mwaka 1955 watu walikuwa wamejizoesha kudhani wamesalimika. Kimbunga Ivan kiliharibu karibu nyumba 9 kati ya kila 10, na kikang'oa sehemu kubwa ya mikungumanga ya kisiwa. Mwaka uliofuata kikaja kingine, Emily. Nyumba hujengwa upya. Lakini mkungumanga huchukua miaka kama saba kuanza kuzaa na zaidi ya hapo kufikia kuzaa sana, na kuna miti dume na miti jike, wala huwezi kuitambua mpaka itoe maua. Mtu anapanda, anapalilia miaka mitano au zaidi, ndipo anajua kwamba nusu ya shamba lake haitazaa kitu. Mzee wa miaka 60 hupiga hesabu hiyo akaacha. Wengi walihamia kakao, na ndiyo maana siku hizi mgeni hupewa chokoleti ya Grenada kila anakokwenda. Ni nzuri kweli. Julai 1, 2024, kimbunga Beryl kilipiga tena, safari hii Carriacou ndiyo iliyoumia kupita zote, na kaskazini ya kisiwa kikubwa nayo ikapata sehemu yake.

Upande wa bahari Gouyave haujasinyaa. Ndio mji mkuu wa uvuvi wa Grenada, na samaki wake wa fedha ni jodari, anayevuliwa kwa mishipi mirefu yenye ndoano nyingi mbali na pwani. Jodari safi husafirishwa kwa ndege kwenda Marekani. Sulisuli na nduwaro hubaki nyumbani. Karibu na ufuo kuna wavuvi wa juya, na anayekuta juya linavutwa anakaribishwa kushika kamba. Samaki wakifika, mchuuzi hupuliza kombe kubwa la lambi, konokono wa baharini, mlio unasikika mitaa ya juu, na watu huteremka na mabeseni.

Ijumaa jioni vichochoro viwili, St Francis na St Dominic, hufungwa magari yasipite na kugeuka jiko. Kila meza ina mama wake na sufuria yake: jodari wa kuchoma, mishikaki ya samaki, kababu za samaki, kamba, lambi wa mchuzi, shelisheli la kuchomwa, na maandazi yasiyo na sukari wanayoyaita beki. Hakuna menyu, unazungusha macho na kunyoosha kidole. Kuna kinywaji chungu cha magome ya mti kiitwacho mauby, ambacho kinataka uvumilivu, na kuna ramu, ambayo haitaki. Ngoma huanza usiku ukikolea.

Chakula cha taifa, oil down, ndicho kitakachomfanya mpishi wa Kitanga acheke. Ni shelisheli, majani ya magimbi, vitonge vya unga na nyama ya chumvi, vyote vikapangwa ndani ya sufuria kubwa na kumiminiwa tui zito lenye manjano. Havikorogwi. Moto unaachwa ufanye kazi mpaka tui likauke na mafuta yabaki chini. Kila kiungo kipo Tanga, na sijawahi kusikia Tanga mtu akivitia sufuria moja. Msomaji Mwislamu aulize kwanza: nyama hiyo mara nyingi ni mkia wa nguruwe, ingawa wapo wanaopika kwa kuku au samaki wa chumvi.

Gouyave ndiko alikozaliwa Kirani James, aliyeshinda mita 400 katika Olimpiki ya London Agosti 6, 2012, akiwa na miaka 19. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi. Siku tatu baadaye, kwenye uwanja uleule, David Rudisha alivunja rekodi ya dunia ya mita 800. Mkenya anayekosa maneno Gouyave aanze na hayo mawili, mazungumzo yatajiendesha.

Anayechagua wakati wa kwenda aangalie mambo mawili. Ukavu ni Januari hadi Mei, vimbunga ni Juni hadi Novemba. Lakini Juni 29, siku ya Mtakatifu Petro, wavuvi wa Gouyave husherehekea sikukuu yao: misa asubuhi, padri anabariki mashua na nyavu, kisha mashindano ya mashua na karamu ya mtaani hadi usiku. Mimi ningejihatarisha na mvua. Usifungashe nguo za madoa ya kijeshi, sheria inazikataza, na usipite mtaani kwa vazi la kuogelea. Ijumaa usiku patana na dereva mapema, maana mabasi ya kurudi St George's huadimika kabla samaki hawajaisha. Jumapili usiyategemee kabisa.