Wanafunzi 16 Kando ya Kitanda Kimoja

Mzazi mwenye mwana katika chuo cha udaktari au cha wauguzi hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini yafaa ajue kwamba mwana huyo, kabla hajaonja mshahara wa kwanza, husimama penye hatari ile ile anaposimama mganga mkuu, tena akiwa na ujuzi mdogo zaidi.

Mwanzoni mwa Machi 2003, kijana wa miaka 26 alilazwa katika Hospitali ya Prince of Wales, Hong Kong. Alikuwa na homa na kikohozi, ikadhaniwa ni nimonia ya kawaida, akapewa dawa ya kufungua pumzi kwa mashine inayoigeuza kuwa ukungu. Siku zile wanafunzi 66 wa udaktari waliingia katika wodi ile kwa masomo yao. Baada ya siku chache, 16 kati yao waliugua.

Ugonjwa ule ulikuwa SARS, nao ulikuwa bado hauna jina. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa mataifa tarehe 12 Machi, na jina likafuata siku 3 baadaye. Hata mwanafunzi hodari hawezi kujibu swali ambalo walimu wake hawajalitunga! Ilikuja kujulikana baadaye kwamba kijana yule alikuwa amekwenda kumwamkia rafiki katika hoteli ya Metropole, alikopanga daktari mgonjwa aliyetoka Guangdong mwezi wa Februari.

Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba wanafunzi walioingia sehemu ya wodi alimolala kijana yule walikuwa na hatari mara 7 kuliko wasioingia. Kadiri mtu alivyomkaribia ndivyo hatari ilivyozidi. Hata hivyo, kati ya 8 waliokuwa sehemu ile lakini wakasimama mbali naye zaidi ya mita 1, wanne waliugua pia. Kwa hiyo hatua moja ya kurudi nyuma haikuwa kinga kamili. Katika wagonjwa 138 wa kwanza waliohesabiwa hospitalini humo, 69 walikuwa watumishi wa afya, 16 wanafunzi, na waliosalia walikuwa wagonjwa wengine na ndugu waliokuja kuwatazama. Duniani kote SARS iliwapata watu 8,098 na kuua 774.

Korona ilipoingia mwaka 2020, vyuo vingi viliwaondoa wanafunzi mawodini. Huko ni kuwahurumia, sikatai. Lakini mimi niliyesomea ualimu najua kwamba somo lililoahirishwa halifutiki; siku moja lazima kijana yule akikaribie kitanda. Heri afundishwe mapema kuvaa barakoa, kunawa mikono, kufungua madirisha, na kumwuliza kila mwenye kikohozi alikotoka.

Swali hilo latuhusu sisi wenye waume na ndugu katika majeshi. Kuna ugonjwa mwingine wa pumzi, MERS, uliogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, ambao huua zaidi ya thuluthi moja ya wagonjwa wanaothibitishwa. Virusi vyake hukaa katika ngamia, na dalili za maambukizo zimeonekana katika damu ya ngamia wa Kenya na Somalia. Askari aliyetoka Mogadishu, au mzee aliyetoka Hija, akikohoa kwa homa, hana budi kutaja safari yake.

Shemeji yangu aliporudi kutoka huko alishikwa na homa, tukampeleka hospitali. Kijana mmoja mwanafunzi, kalamu mkononi, akamwuliza kwa adabu: “Afande, ulikuwa wapi, na umerudi lini?” Shemeji akakunja uso. “Hiyo ni siri ya kazi.”

Dada yangu hakungoja. “Baba watoto, mtoto huyu anauliza habari za kikohozi, hakuulizi habari za bunduki.”

Akataja mji na siku. Kijana akaandika yote, akampa barakoa, akamketisha karibu na dirisha. Majibu ya damu yalipotoka, kumbe ilikuwa malaria.