Tundu moja, majibu mawili: chujio lenye kuamua kama silinda ya mota inafaa

Tuchukue mfano huu. Asubuhi, fundi wa kiwanda anapima uduara wa tundu la silinda ya mota, na mashini inaonyesha mikroni 2,9. Kipande kinapita. Mchana mwenzake anapima kipande kile kile, kwenye mashini ile ile, anapata mikroni 9. Kipande kinakataliwa. Hakuna aliyekiweka vibaya wala kusoma namba vibaya. Kilichobadilika ni kitu kimoja ndani ya programu: chujio.

Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mashini zenye kupima vidogo namna hiyo zilizoea kugusa chuma nukta moja moja. Kichwa cha kugusa kilichoenea viwandani kilibuniwa na David McMurtry, inchini Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa kupima mabomba membamba ya mafuta ya mota za ndege Concorde. Siku hizi kijiti chenye kitufe cha rubi kwenye ncha kinateleza juu ya chuma bila kuinuka, na kinakusanya nukta maelfu.

Lakini nukta nyingi zinaleta kila kitu: umbo la kweli la tundu, alama za kisu, mtetemo wa mashini yenyewe, hata vumbi. Ndiyo maana kuna chujio. Lenye kutumiwa zaidi ni lile la Gauss. Linaangalia mawimbi yaliyo katika mzunguko mmoja wa tundu, linaacha yale marefu yapite na kupunguza yale mafupi. Ukiliweka kwenye 50, wimbi lenye kujirudia mara 50 katika mzunguko linabaki na nusu tu ya kimo chake.

Silinda yetu ina kipenyo cha milimita 80. Kisu kilitetemeka kikaacha mawimbi 20, yenye mikroni 10 kutoka bonde hadi kilele. Kwa chujio la 15, mashini inasema 2,9. Kwa 50, inasema 9 hivi. Kwa 150, inasema 9,9. Kama mchoro unaruhusu mikroni 5, chujio ndilo limetoa hukumu.

Nani ana haki? Ni lazima kuuliza kazi ya kipande. Ringi za pistoni zinaweza kujikunja na kufuata ukuta wenye mawimbi mawili au matatu, kama yale yenye kubaki wakati kipande chembamba kimebanwa na taya tatu. Mawimbi 20 zinashindwa kuyafuata. Mafuta yanapenya, na kila mwenye kamyo anaujua moshi wa bluu. Hapa fundi wa asubuhi ameficha kile hasa chenye kuharibu mota.

Hata hivyo, kuondoa chujio kabisa si dawa. Mtetemo wa mashini utahesabiwa kama kosa la chuma, na kipande kizuri kitatupwa. Punje ya vumbi nayo inapaswa kuondolewa kabla ya kuchuja, kwani chujio likiikuta linatandaza kilima chake juu ya nukta za jirani. Na nukta zikiwa chache, mawimbi mafupi yanajifanya marefu, na hakuna chujio lenye kuyatoa tena. Kanuni ya kawaida ni nukta 7 kwa kila wimbi: 350 kwa chujio la 50, 1050 kwa lile la 150. Kitufe kikubwa hakiingii katika mabonde membamba. Hilo nalo ni chujio, ingawa halionekani popote kwenye programu.

Wengi wananakili 50 kutoka kipande hadi kipande. Kwenye silinda ya milimita 80, hiyo ni wimbi la milimita 5. Kwenye tundu la milimita 16, ni wimbi la milimita 1.

Kanuni ya kimataifa ISO 1101, katika toleo la 2017, inamruhusu mchoraji kuandika chujio pembeni ya kiasi cha kosa kinachokubaliwa. Asipoandika, kiwanda na mnunuzi wapatane kabla ya kupima. Ripoti nayo inapaswa kutaja chujio na kiwango chake, idadi ya nukta, na kipenyo cha kitufe. Katika mfano wetu, ripoti zote mbili zina namba tu.