Shahada za Vyombo vya Siri, Gitega na Muyinga

Afisi ya Gitega inapopeleka hesabu zake kwenye tawi la Muyinga, mji wa kaskazini-mashariki ya Burundi usio mbali na mpaka wa Kobero, habari hizo hupita katika nyaya na minara isiyo mali ya afisi hiyo, na hapana awezaye kuwajua wote wenye uwezo wa kuzichungulia njiani; kwa sababu hiyo huwekwa chombo kila upande, kimoja cha kuzisimba habari kwa ufunguo wa siri na kingine cha kuzisimbua, na njia ipatikanayo baina yao mafundi huiita handaki. Tangu Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, na Bujumbura ikabaki mji wa biashara, ni vigumu kudhani kwamba haja ya mahandaki hayo imepungua.

Vyombo vyenyewe havitoki katika karakana moja. Tuchukulie kwamba Gitega imenunua Cisco ya Marekani, ilhali Muyinga, kwa uchache wa fedha, imepata MikroTik ya Latvia. Vyote viwili hudai kufuata kanuni za IPsec, zilizoandikwa kwanza mwaka 1995 na kutengenezwa upya mwaka 1998, pamoja na taratibu za kupatana funguo ziitwazo IKEv2, zilizotoka mwaka 2005. Walakini kanuni hizo zina hiari nyingi, na penye hiari ndipo hitilafu huzaliwa. Watengenezaji walilitambua jambo hilo mapema, wakawa wakikutana na mashine zao na kuziunganisha jozi kwa jozi; baadaye jumuiya kama VPN Consortium na maabara kama ICSA Labs zikajitwika kazi ya kupima na kutoa shahada.

Mnunuzi sharti atambue kwamba shahada hazifanani. Ile ya FIPS 140, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1994, huthibitisha kuwa moyo wa usimbaji umeundwa sawasawa na kwamba funguo zinahifadhiwa kwa amana; haiulizi kabisa kama chombo kitasikilizana na jirani yake. Vyombo viwili vyaweza vyote kuwa na shahada hiyo, na visipatane hata neno moja. Kupima mapatano ni kazi nzito zaidi, kwani vyombo kumi hufanya jozi 45, na programu ya kimoja ikibadilishwa, jozi zake tisa hurudi mwanzo. Ndiyo maana maabara ziliteua vyombo vichache vya kupimia vingine.

Liko kosa moja lenye hila kuliko yote. Katika IKEv2, funguo za kwanza za kusimbia habari hutokana na mapatano yaleyale yaliyofungua mazungumzo, bila hesabu mpya ya kubadilishana siri. Kwa hiyo, lau Gitega imewekewa aina moja ya hesabu hiyo na Muyinga nyingine, handaki litafunguka vizuri, fundi atafurahi, atatia sahihi na kushika njia ya Karuzi kurudi kwao. Muda wa funguo ukiisha, aghalabu baada ya saa moja au nane, vyombo hutaka kuzifanya upya, na hapo ndipo tofauti hudhihirika na handaki huanguka. Jaribio la dakika kumi haliwezi kuliona kosa hilo hata lifanywe na mwanachuoni wa fani hii.

Basi ni heri vyombo vyote viwili viwekwe kwanza juu ya meza moja pale Gitega, viachwe vikizungumza usiku kucha, umeme ukatwe kwa makusudi na kurudishwa, funguo zigeuke mara kadhaa, na toleo la programu ya kila kimoja liandikwe katika hati ya makabidhiano kabla kimojawapo hakijapakiwa kwenda Muyinga. Nami ningeongeza sharti katika mkataba kwamba malipo ya mwisho yangoje matokeo ya jaribio hilo, kwani handaki likianguka baadaye, muuzaji wa chombo cha kwanza hukilaumu cha pili, na wa pili humlaumu wa kwanza, na wote wawili huwa wana shahada za kuonyesha.