Kizuri Chajiuza? Matangazo, Huduma Mbovu na Mambo Tunayoyaamini Bure

Fungua ukurasa wa kampuni yoyote kubwa ya simu au benki siku inapotangaza ofa mpya. Picha inang'aa, familia inacheka, rangi za kampuni zimetamalaki. Sasa shuka chini: "Nimekatwa hela tangu juzi." "Namba yenu haipokelewi." "Nimetuma inbox mara tatu, kimya." Chini ya kila lalamiko kuna jibu lile lile, pole nyingi na ombi la kutuma namba ya simu. Kampuni imelipia tangazo ili watu waione ofa, kumbe imewafungulia wenye hasira mahali pa kukutania.

Hata hivyo, imani kwamba tangazo linaweza kuitengeneza sifa ya huduma mbovu haijafa. Haijafa kwa sababu mara moja moja huwa kweli, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

"Kampeni ikiwa kubwa na nzuri, watu watasahau." Si kweli.

United Airlines ya Marekani ilianza mwaka 1965 kuwaalika abiria waruke kwenye anga zenye urafiki. Kaulimbiu hiyo iliwekwa kando mwaka 1996, ikarudishwa kwa mbwembwe mwaka 2013. Katikati ya hapo kuna kisa cha Dave Carroll, mwanamuziki wa Kanada ambaye gitaa lake lilivunjika mwaka 2008 mikononi mwa wapakia mizigo. Kulitengeneza kulimgharimu dola 1,200. Kampuni ilimwambia amechelewa, eti madai yalipaswa kufika ndani ya saa 24. Alihangaika nao miezi na miezi, mwisho akatunga wimbo, na Julai 2009 video yake ikatazamwa na mamilioni ya watu.

Kisha ikaja Aprili 2017. Ndege ya kutoka Chicago kwenda Louisville ilikuwa imejaa, na kampuni ilihitaji viti vinne kwa wafanyakazi wake. Abiria waliahidiwa hadi dola 800 ili washuke, wasitosheke. Daktari mmoja wa miaka 69 alipokataa kuinuka, maofisa wa usalama wa uwanja wakamburura kwenye ujia wa ndege huku simu za abiria wenzake zikirekodi. Siku zilizofuata, kaulimbiu ya urafiki ndiyo iliyotumiwa na kila mwenye kutaka kuicheka kampuni. Isingekuwapo, dhihaka isingekuwa rahisi kiasi kile.

Kilichobadilisha hali si tangazo. Ni sera: kiwango cha juu cha kumlipa abiria anayekubali kuachia kiti kilipandishwa hadi dola 10,000, na wafanyakazi wakakatazwa kumwita polisi kwa sababu ya kiti tu. Mtu aliyesimama mlangoni pa ndege akapewa kitu cha kumpa abiria zaidi ya vitisho.

"Badilisha jina, uanze upya." Si kweli.

Comcast, kampuni ya televisheni ya kebo na intaneti, ilianza mwaka 2010 kuziita huduma zake Xfinity. Jina jipya, nembo mpya, matangazo mapya. Julai 2014 mteja mmoja alipiga simu kuomba akatiwe huduma, akairekodi. Kwa dakika nane hivi mhudumu anamuuliza kwa nini, kwa nini, mbona unataka kuiacha intaneti bora, huku mteja akirudia kwa upole kwamba anaomba tu akatiwe. Rekodi ikasambaa dunia nzima.

Kampuni iliomba radhi. Kinachofaa kukumbukwa zaidi ni waraka ambao mkubwa mmoja aliwaandikia wafanyakazi, akikiri kwamba mhudumu yule alikuwa amefanya mengi kati ya yale waliyomfundisha na kumlipa ayafanye. Soma tena hapo. Tabia ile haikutokana na kijana mmoja mkaidi, ilitokana na namna malipo yake yalivyopangwa. Jina la Xfinity lingemsaidia mteja nini? Mwaka uliofuata Comcast ilitangaza nafasi mpya 5,500 za huduma kwa wateja na kuahidi fidia ya dola 20 kwa mteja ambaye fundi wake atachelewa. Hatua hizo zilimgusa mteja.

Hapa kwetu tumeona kampuni moja ya simu ikiwa Celtel, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Sababu haikuwa kukimbia sifa mbaya, ni umiliki uliobadilika. Lakini mteja hakuwa na haja ya kusubiri nembo imwambie kama mtandao unashika kijijini kwake.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Si kweli, angalau si yote.

Methali hii hutumiwa kuwacheka wanaojitangaza. Kwa biashara mpya huenda ina haki. Kwa biashara iliyokwisha kuharibikiwa jina, inapotosha, maana mteja aliyeudhika harudi kukagua kama umejirekebisha. Unaweza kusafisha kila kitu na asijue mtu.

Domino's waliuelewa ugumu huo. Wateja wa Marekani walikuwa wakisema pizza yao ina ladha ya kadibodi. Kampuni ikabadilisha unga, sosi na jibini, kisha mwishoni mwa 2009 ikatoa matangazo yenye maneno hayo hayo ya wateja, na wakubwa wakakaa mbele ya kamera wakiyasikiliza. Wengi walidhani ni kujipaka matope. Katika robo ya kwanza ya 2010, mauzo ya maduka yaliyokuwapo nchini humo yalipanda kwa asilimia 14.3. Kukiri peke yake kusingefika popote. Kulifanya kazi kwa kuwa siku ile ile mtu angeweza kuagiza pizza na kuonja tofauti.

"Tengeneza huduma kwanza, ndipo utangaze." Hapa nasema: nusu kweli.

Ushauri huu unasikika wa busara, nami huutoa mwenyewe nikiulizwa haraka. Lakini kampuni mbili ambazo matangazo yaliziinua hazikuufuata.

Mwaka 1962 Avis, kampuni ya kukodisha magari, ilikuwa haijaona faida kwa miaka 13. Bosi mpya, Robert Townsend, aliajiri wakala wa matangazo Doyle Dane Bernbach, na matangazo yakasema jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema: sisi ni namba mbili, kwa hiyo tunajitahidi zaidi. Ahadi ilitoka kabla kila gari halijawa safi. Ila wafanyakazi walivaa beji zenye ahadi hiyo kifuani, kwa hiyo mteja aliyepewa gari chafu alikuwa na la kumwonyesha mhudumu kwa kidole. Moja ya matangazo hayo liliandikwa kama malalamiko ya mwandishi wake mwenyewe: yeye huandika matangazo ya Avis ili apate riziki, lakini si mwongo wa kulipwa; hatarajii kukuta kisahani cha majivu ya sigara kimejaa, na kama kampuni haitatimiza anachokiahidi, itafute mwandishi mwingine. Avis walilipia, likachapishwa. Hasara ya dola milioni 3.2 iligeuka faida ya milioni 1.2 ndani ya mwaka mmoja.

Mtu aliyewahi kuiongoza Avis, Colin Marshall, aliingia British Airways mwaka 1983. Wakati huo Waingereza walikuwa wamezigeuza herufi BA kuwa tusi. Mwaka huo huo Saatchi & Saatchi walitoa tangazo la kisiwa cha Manhattan kikipaa juu ya Uingereza kama ndege inayotua, na kampuni ikajiita kipenzi cha dunia. Hesabu iliyotumika kulitetea jina hilo ilikuwa ya idadi ya abiria wa kimataifa, ambayo haipimi mapenzi hata kidogo. Mwisho wa mwaka ndipo maelfu ya wafanyakazi walipoanza kuitwa kwenye kozi ya siku mbili kuhusu kumjali mteja, na mara nyingi Marshall alikwenda mwenyewe kuwasikiliza. Tangazo lilitangulia na mafunzo yakafuata, na kampuni ikauzwa kwa umma mwaka 1987 ikiwa na jina lingine kabisa midomoni mwa abiria.

Kwa hiyo swali la kumuuliza meneja wa masoko ni jepesi: mhudumu wa kaunta ameliona tangazo kabla ya wateja, na amepewa mamlaka gani ya kulitimiza? Akikosa jibu, aziweke hela za tangazo.

"Kampuni yenye huduma mbovu haiwezi kudumu." Si kweli, kwa bahati mbaya.

Comcast iliendelea kupata faida miaka yote ile, maana katika maeneo mengi mteja hakuwa na pa kuhamia. Sifa mbaya huuma pale tu penye mshindani jirani. Ukiona shirika lisilo na mshindani linajaza mabango barabarani, huenda wewe si msomaji aliyekusudiwa. Mabango yanaongea na mdhibiti, na waziri, na mkopeshaji. Penye shirika la namna hiyo huna kampuni nyingine ya kukimbilia; kinachobaki ni sheria. Kwa Kenya, kuna Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mlaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na fidia akipata hasara, na kulitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Inayabana mashirika ya umma sawa na watu binafsi.