Makengeza ya mtoto si urembo: Macho mawili ndiyo kipimo cha umbali

MSOMAJI, chukua biro na kifuniko chake. Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, biro mkono mmoja na kifuniko mkono wa pili. Sasa fumba jicho moja, kisha jaribu kuifunika biro hiyo kwa haraka, mikono ikitoka kulia na kushoto. Huenda kifuniko kikapita mbele ya biro, au nyuma yake. Fumbua jicho ujaribu tena. Mara hii kazi ni rahisi.

Katika jaribio hilo, jicho lako moja liliona biro na kifuniko vizuri kabisa. Kilichokosekana ni kipimo: kipi kiko mbele, kipi kiko nyuma, na ni kwa umbali gani. Kwa vitu vilivyo karibu, kipimo bora ni macho mawili yanayotazama pamoja. Nacho ndicho kinachopotea polepole kwa mtoto mwenye makengeza ambaye wazazi wake wanangoja akue kwanza ndipo wampeleke hospitalini.

Picha mbili huwa moja

Baina ya mboni za macho ya mtu mzima kuna nafasi ya sentimita 6 hivi. Kwa sababu hiyo kila jicho hutazama kutoka mahali pake. Inua kidole gumba mbele ya uso, kisha ufumbe jicho la kulia na la kushoto kwa zamu. Kidole kitaonekana kikiruka kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Ukikisogeza karibu na pua kitaruka zaidi. Ukikipeleka mbali kitaruka kidogo.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo ambayo ubongo huipima. Habari kutoka macho yote mawili husafiri kwa mishipa ya fahamu hadi sehemu ya nyuma ya ubongo. Huko kuna chembe zinazopokea habari za jicho la kulia na za jicho la kushoto kwa pamoja na kuzilinganisha. Hatimaye picha mbili bapa huwa picha moja yenye kina.

Aliyethibitisha jambo hilo ni Mwingereza Charles Wheatstone, mwaka wa 1838. Alibuni chombo chenye vioo viwili, kila jicho likaonyeshwa mchoro wake. Michoro hiyo ilitofautiana kidogo tu. Waliotazama waliona kitu kimoja kimejitokeza kana kwamba kingeweza kushikwa, ilhali michoro yote miwili ilikuwa bapa karatasini.

Wanyama nao wanatufunza. Swala ana macho pembeni mwa kichwa ili aone hatari kutoka kila upande. Chui, ambaye lazima akadirie mruko wake, ana macho mbele. Vivyo hivyo mbega, ambaye maisha yake ni kuruka kutoka tawi hadi tawi.

Mwenye chongo huonaje?

Pengine utauliza: mbona wapo watu wenye jicho moja wanaolima, wanaoshona nguo na hata kuendesha magari? Ni kweli. Ubongo una njia nyingine za kukadiria umbali, na kwa vitu vya mbali sana sote tunazitegemea zaidi kuliko tofauti ya picha mbili.

Ukisafiri kwa matatu kutoka Nairobi kwenda Nakuru, miti ya kando ya barabara hupita mbio, ilhali Mlima Longonot husonga taratibu. Ubongo hujua kwamba kinachopita mbio kiko karibu. Kitu kinachokinga kingine kiko mbele yake. Lori likionekana dogo, ubongo hujua liko mbali. Na asubuhi ambapo hewa ni safi, Mlima Kenya huonekana kama umesogea karibu, kwa kuwa hakuna ukungu wa kuufifisha.

Hata hivyo, aliyepoteza jicho moja ukubwani huhitaji miezi kadhaa kuzoea. Mwanzoni atamwaga chai nje ya kikombe na kujikwaa kwenye ngazi. Namshauri aguse ukingo wa kikombe kwa mdomo wa birika kabla ya kumimina, azungushe kichwa kila mara ili aone upande uliofifia, na asishike usukani wa gari kabla hajapimwa na daktari wa macho.

Ubongo haungoji

Mtoto hazaliwi akijua kuunganisha picha mbili. Uwezo huo huanza kuonekana anapokuwa na umri wa kati ya miezi 3 na 5, kisha huendelea kuimarika kwa miaka kadhaa. Sharti lake ni moja: macho yote mawili yaelekee mahali pamoja, na yote yaone sawasawa.

Jicho moja likipinda, ubongo hupokea picha mbili zisizopatana. Mtu mzima angeona vitu viwiliviwili. Ubongo wa mtoto mchanga hujitetea kwa kuipuuza picha ya jicho lililopinda. Miezi ikipita, miaka ikipita, jicho hilo hudhoofika kwa kutotumiwa. Wataalamu huliita jicho vivu. Kwa nje ni zima kabisa, lakini ubongo umeacha kulisikiliza.

Watafiti David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha jambo hili nchini Marekani katika miaka ya 1960. Walifunga jicho moja la watoto wa paka katika miezi yao ya kwanza. Lilipofunguliwa baadaye, jicho lilikuwa zima, lakini chembe nyingi za ubongo hazikuliitikia tena. Paka wakubwa waliofungwa jicho vivyo hivyo hawakudhurika. Mwaka wa 1981 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Usiseme 'atapona akikua'

Wahenga walisema, akipenda, chongo huita kengeza. Nami nimeona kwamba mzazi akimpenda mwanawe, hata kengeza huliita urembo. Wengine husema makengeza ni ya ukoo, kwamba hata babu alikuwa nayo. Kweli, makengeza huweza kurithiwa, lakini hiyo ni sababu ya kumpeleka mtoto mapema, wala si sababu ya kutulia.

Mtoto mchanga huweza kupindisha macho mara mojamoja katika miezi 3 au 4 ya kwanza, na hilo si ajabu. Baada ya hapo jicho likiendelea kupinda, hata kama ni jioni tu akiwa amechoka, apelekwe kupimwa. Kama limepinda wakati wote, usingoje miezi hiyo iishe. Wapo watoto ambao macho huonekana yamepinda kwa sababu tu pua bado ni pana. Mwachie mtaalamu aamue.

Kuna dalili moja ambayo haifai kungoja hata wiki: mboni inayong'aa nyeupe, pengine katika picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera. Huenda ikawa ni mtoto wa jicho, au saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo. Saratani hiyo huweza pia kuanza kwa makengeza tu. Ikigunduliwa mapema hutibika, ikicheleweshwa huua.

Jicho vivu huweza pia kuwepo bila makengeza, iwapo jicho moja lina kasoro kubwa kuliko lenzake. Hapo hakuna atakayejua, kwa maana mtoto anaona kwa jicho lile zuri. Nyumbani, mzibe mtoto jicho moja, kisha la pili, huku akicheza. Akitulia ukiziba moja, lakini akalia na kuusukuma mkono wako ukiziba jingine, basi jicho unaloliziba wakati analia ndilo analolitegemea. Mpeleke kupimwa.

Tiba ipo

Wapo watoto ambao miwani pekee hunyoosha macho yao. Si kweli kwamba miwani huharibu macho ya mtoto. Wengine huzibwa jicho zuri kwa kibandiko kwa saa kadhaa kila siku ili jicho vivu lifanye kazi. Mtoto atalia na kukibandua. Mzazi akumbuke kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Hata hivyo, usimzibe bila maagizo ya mtaalamu, kwani kuziba kupita kiasi huweza kudhoofisha jicho zuri.

Wengine huhitaji upasuaji wa misuli inayozungusha jicho. Jicho halitolewi, kama wengine wanavyohofia. Kwa mtoto aliyeanza makengeza akiwa mchanga, upasuaji kabla ya miaka 2 humpa nafasi bora ya macho yake kushirikiana. Jicho vivu nalo hutibika vyema kabla ya miaka 7, ingawa wakubwa kidogo nao huweza kufaidika.

Je, aliyechelewa akate tamaa? La. Mwanasayansi Susan Barry wa Marekani alikuwa na makengeza tangu utotoni. Alipasuliwa akiwa mtoto, macho yakanyooka, lakini hakuona kina. Alianza kukiona akiwa na miaka 48, baada ya mazoezi ya macho, akaandika kitabu kuhusu hayo mwaka wa 2009. Lakini bahati kama yake ni ya wachache, na si busara kumwekea mtoto wako tumaini hapo.

Kwa mtu mzima, makengeza yanayoanza ghafla au kuona vitu viwiliviwili ni jambo la kwenda hospitalini siku hiyohiyo. Huenda chanzo ni kisukari, kiharusi au maradhi ndani ya kichwa.

Basi leo jioni, mtazame mwanao machoni kwa makini. Kama una shaka, anzia kliniki iliyo karibu nawe na uombe mtoto apelekwe kwenye kitengo cha macho. Ukiambiwa umesumbuka bure, utarudi nyumbani na furaha.