Swali la Kasisi Peckard

Ndugu msomaji, je, swali moja laweza kutikisa nchi? Soma habari hii, kisha ujibu mwenyewe.

Zamani aliishi Uingereza kasisi aliyeitwa Peter Peckard. Kwanza alikuwa kasisi wa askari. Mwaka 1781 alifanywa mkuu wa Magdalene, mojawapo ya vyuo vya Chuo Kikuu cha Cambridge.

Siku zile meli za Uingereza zilichukua watu Afrika Magharibi na kuwauza ng'ambo. Matajiri wengi walifaidika. Waliosema kuwa jambo hilo ni ovu walikuwa wachache. Peckard alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1785 alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu kizima. Kila mwaka vijana walishindana kuandika insha kwa Kilatini, na mwaka huo Peckard ndiye aliyechagua swali. Aliuliza: Je, ni halali kuwatia watu utumwani bila hiari yao?

Kijana mmoja, Thomas Clarkson, alitaka tuzo tu. Lakini alipoanza kusoma habari za watumwa, usingizi ulimpotea. Insha yake ilishinda. Baadaye, akiwa njiani kwenda London, alishuka farasi akaketi kando ya barabara. Alijiambia kuwa kama mambo hayo ni kweli, lazima mtu ayakomeshe.

Mwaka 1787 Clarkson na wenzake 11 waliunda kamati. Alikwenda bandarini, akawahoji mabaharia, akanunua pingu ili watu waone ushahidi kwa macho. Peckard naye hakunyamaza. Mwaka 1788 alitoa kijitabu cha kupinga utumwa. Mwaka 1789 Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, alitoa kitabu cha maisha yake. Peckard alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa watu.

Peckard alikufa mwaka 1797, kabla ya kuona matunda. Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa. Lakini sheria hiyo haikufika kila mahali. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Peckard hakushika silaha. Aliuliza swali, na mwingine akalitafutia jibu. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

Maswali
1. Peckard aliuliza swali gani?
2. Kwa nini Clarkson alinunua pingu?
3. Kijijini kwenu kuna jambo gani baya ambalo watu wamelizoea? Ulizaneni darasani.